Nani Kasema Ajali Haina Kinga?



Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo. Watu 31 walikufa. Waliobanwa chini ya kifusi walikuwa wanapiga simu kuomba msaada, na waokoaji wakawa wanawapelekea maji na hewa kupitia matundu. Huku Texas watu hawakulala. Kuanzia Houston mpaka Fort Worth, kila kundi la WhatsApp lilikuwa Kariakoo tupu, na kila mtu alikuwa na wa kumlaani: CCM, Jiji, wahandisi, wenye jengo. Wamiliki watatu wakafikishwa mahakamani kwa mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia, tukapiga makofi.

Sina ugomvi na hasira ile. Nina swali moja tu. Katika wiki ile ile ya Kariakoo, wangapi kati yetu tulituma hela Bongo ya kumwaga zege? Na kati ya hao, wangapi waliuliza kijana anayepandisha karai la zege kichwani kwenye ngazi ya mirunda amevaa nini miguuni?

Kandambili. Hilo ndilo jibu, na wote tunalijua maana tunaziona kwenye picha tunazotumiwa. Tunavuta picha kwa vidole kuangalia kama ukuta umenyooka. Miguu ya kijana tunaipita.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili wenye haraka ya kwenda kubeba boksi waondoke nayo: anayetoa hela ya ujenzi ndiye anayeamua kama kibarua atarudi kwake jioni. Serikali ina madhambi yake na nitayasema. Lakini sisi tunaojenga kwa rimoti, tukiwa Mansfield, Arlington au Houston na saiti ikiwa Kigamboni, Goba au Usa River, sisi ni WAAJIRI. Hatupendi kuitwa hivyo. Tunapenda kuitwa "wanadiaspora tunaochangia maendeleo". Sawa, changieni, lakini mwajiri ana wajibu wake.

Tuanze na serikali, maana najua nisipoanza nayo nitaambiwa nimenunuliwa. Mwaka 2006 jengo la hoteli liliporomoka Chang'ombe. Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akaunda kamati ya kukagua majengo ya Dar es Salaam. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 likalala chini mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, watu 36 wakafa, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Iliripotiwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Hizo sita za juu zilipanda mchana kweupe, jirani na ofisi za serikali, na hakuna aliyeinua kichwa kuzihesabu? Kisha 2024 Kariakoo, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa naye akaunda kamati, ya watu 19, kukagua majengo. Waziri Mkuu mwingine, kamati nyingine, miaka kumi na minane imepita. Jirani zetu wa Kenya wasitucheke. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la Huruma, Nairobi, liliwaua watu wasiopungua 49, na lilikuwa limeshawekewa alama ya kubomolewa! Alama ilikuwepo ukutani, wapangaji walikuwepo ndani, na kodi ilikuwa inakusanywa.

Na msinidanganye kwamba sheria hakuna. Tanzania ina Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, tangu mwaka 2001. Ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003. Ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kukusanya michango mwaka 2015. Kwenye karatasi tuko vizuri kuliko nchi nyingi. Kinachokosekana ni mtu wa kufika saiti saa nne asubuhi, bila miadi na bila bahasha, akasema "shukeni, kazi imesimama", na ikasimama kweli.

Hayo ni maghorofa, yenye kamera na mawaziri. Mimi kinachoniuma zaidi ni vifo vya mmoja mmoja, visivyo na kamati. Kijana aliyeingia kuchimba shimo la choo futi kumi na tano, udongo wa kichanga ukamfunika. Fundi aliyekuwa anapaua, akakanyaga mbao mbovu, akaangukia mgongo. Saidia fundi aliyebeba nondo ndefu begani, ikagusa waya wa TANESCO. Hawa hawana mnara. Wanazikwa Singida, Kasulu, Lushoto, walikotoka kuja kutafuta maisha Dar. Mwenye nyumba akiwa mtu mwema anatoa rambirambi na gari la kusafirisha maiti. Akiwa si mwema, anabadilisha fundi. Jumatatu ujenzi unaendelea.

Na nyumba hizo ni za nani? Msinitazame hivyo. Hebu sikilizeni mazungumzo haya, halafu mniambie kama hamjawahi kuyasikia sebuleni kwa mtu, simu ikiwa kwenye spika:

"Shikamoo kaka. Fundi anasema paa liko juu sana, anaomba hela ya mbao na mirunda ya kufunga jukwaa."

"Marahaba. Jukwaa la nini tena? Mwambie apande hivyo hivyo. Wenzake wanapandaje?"

"Sawa kaka."

Sentensi tatu tu, na mtu ameshawekwa kwenye hatari ya kifo. Kaka huyo si muuaji. Ni mtu aliyechoka, ana zamu mbili, ana kodi ya nyumba na bima ya gari, na ameshaibiwa na ndugu zake mara mbili kwenye saruji. Ameapa hatadanganywa tena. Kwa hiyo kila fundi akiomba kitu kisichoonekana kwenye nyumba ikishaisha, yeye anasikia wizi. Namwelewa kabisa. Lakini angalieni matokeo yake: kwenye ujenzi, vitu vinavyookoa maisha karibu vyote ni vile visivyobaki kwenye nyumba. Jukwaa linafunguliwa. Mirunda inaondolewa. Mbao za kuzuia kingo za shimo zinatolewa. Kofia na buti vinaondoka na fundi. Kwa hiyo tukianza kukata bajeti, uhai wa mtu unakatwa wa kwanza, na milango ya mninga inabaki.

Hapo ndipo wahenga wa vijiweni wanaponijia na msemo wao: ajali haina kinga. Huu msemo umezika watu wengi kuliko malaria ya saiti. Ngoja niwape habari ya kinga. Miaka ya 1930, wakati Marekani iko kwenye mdororo mkubwa wa uchumi na watu wanapanga foleni ya supu, walikuwa wanajenga daraja la Golden Gate kule San Francisco. Makadirio ya wajenzi wa zama zile yalikuwa ya kutisha: katika kazi kubwa, kila dola milioni moja inayotumika, hesabu mtu mmoja kufa. Ndiyo, kifo kilikuwa na bei na kilikuwa kwenye hesabu! Daraja lile lilikuwa la dola milioni 35. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, akalazimisha kofia ngumu, na akatandika wavu chini ya daraja zima, kwa gharama iliyozidi dola 130,000, hela ambayo wakati ule si mchezo. Watu 19 walianguka wakadakwa na wavu ule. Waliokufa katika ujenzi wote ni 11, na 10 kati yao walikufa siku moja, mwezi Februari 1937, jukwaa zito lilipoanguka na kuuchana wavu wenyewe. Kwa hesabu ya mazoea walitakiwa wafe 35. Sasa aje mtu awaambie wale 19 kuwa ajali haina kinga.

Mwingine atasema: hao ni Wamarekani bwana, wana hela. Hapa inabidi niseme kweli kuhusu Texas, maana sisi tuliohamia huku tuna tabia ya kuipamba.

Mji huu wa Mansfield ulikuwa na watu wapatao 28,000 mwaka 2000. Sensa ya 2020 ilikuta zaidi ya 72,000. Watu wote hao wamejengewa nyumba, na ukipita barabara ya 287 utaona mapaa mapya kila upande. Wanaoyajenga wengi ni watu wa Mexico, Honduras na Guatemala, wakiwa juu ya mbao kwenye jua la Julai. Wapo na wenzetu pia, wanaozungumza Kiswahili cha Kongo na cha makambi ya Kigoma, walioletwa Fort Worth kama wakimbizi. Na Texas inaua. Karibu kila mwaka zaidi ya wafanyakazi 500 wa kazi za aina zote wanakufa kazini katika jimbo hili. Juni 2019 kreni iliangukia jengo la makazi Dallas wakati wa dhoruba, mwanamke mmoja akafa ndani ya nyumba yake. Oktoba 2020 ngazi za jengo lililokuwa linajengwa magharibi mwa Houston ziliporomoka na kuua wafanyakazi watatu. Mei 2024, Magnolia, kaskazini ya Houston, kijana wa miaka 16 alikufa baada ya nyumba iliyokuwa inajengwa kuangushwa na upepo. Miaka 16! Nchi tajiri kuliko zote duniani.

Zaidi ya hapo, Texas ndilo jimbo pekee lisilomlazimisha mwajiri binafsi kuwa na bima ya fidia ya wafanyakazi. Na Austin ilipoweka kanuni mwaka 2010, na Dallas mwaka 2015, kwamba mjenzi apewe dakika 10 za kupumzika na kunywa maji kila saa nne, wakubwa wa jimbo wakaona huo ni uonevu kwa wafanyabiashara. Mwaka 2023 Bunge la Texas likapitisha sheria ya kuzinyang'anya halmashauri uwezo wa kuweka kanuni kama hizo, na mambo yakaishia kwenye kesi. Dakika kumi za maji! Kwa hiyo mtu asiniambie nahubiri Marekani. Wenye hela wa hapa wana tabia zile zile za wenye hela wa Kariakoo.

Tofauti ni kwamba huku yupo wa kuwazuia, hata kama ni kwa shida. Sheria iliyoanzisha OSHA ya Marekani (ndiyo, jina moja na ya kwetu) ilisainiwa na Nixon Desemba 1970. Wakati ule wafanyakazi wapatao 38 walikuwa wanakufa kila siku nchi nzima. Mwaka 2023 walikuwa kama 15 kwa siku, na watu kazini wameongezeka sana. Kanuni zenyewe hazihitaji shahada. Kwenye ujenzi, ukiwa juu kwa futi sita au zaidi lazima kuwe na kinga ya kuanguka: kamba na mkanda, au uzio, au wavu. Mtaro ukifika futi tano lazima kingo zizuiliwe au zilazwe, isipokuwa kama ni mwamba imara. Mtu akifa, mwajiri atoe taarifa ndani ya saa nane. Kosa kubwa moja linaweza kutozwa hadi dola 16,550, na likiwa la makusudi au la kurudia, hadi dola 165,514, kwa viwango vya 2025. Kampuni kubwa inaweza kuzilipa hizo, lakini fundi mdogo wa mapaa anaziogopa kuliko mkewe.

Na kuna kipengele kimoja cha Texas ninachokipenda, cha tangu mwaka 1913. Mwajiri akikataa kukata bima ya fidia, mfanyakazi akiumia anaweza kumshitaki, na mwajiri huyo haruhusiwi kujitetea kwa kusema "alizembea mwenyewe", wala "aliijua hatari akakubali", wala "ni mwenzake ndiye aliyesababisha". Utetezi wote huo amenyang'anywa. Sasa linganisheni na sisi. Kibarua akianguka Bongo, maneno ya kwanza kutoka mdomoni mwa mwenye nyumba ni yapi? "Alikuwa amelewa." "Nilimwambia asipande." "Ndiyo kazi yao." Maneno yale yale ambayo wabunge wa Texas, watu wasiojulikana kwa huruma, waliyakataa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Basi tufanye nini? Sina hamu ya semina. Nazungumzia hela, maana hela ndiyo tunayoishika sisi.

Tunapotuma kwa awamu (msingi, boma, kupaua, zege la juu), tunadai picha ya awamu iliyopita kabla ya kutoa inayofuata. Vizuri sana. Sasa dai na picha ya jukwaa kabla ya kutuma hela ya kupaua. Dai picha ya kingo za shimo zikiwa zimezuiliwa kabla mtu hajashuka. Udongo si mzaha: mita moja ya ujazo ina uzito unaozidi tani moja na nusu. Ni kama kuangukiwa na gari. Mtu aliyefunikwa mpaka kifuani hawezi kupanua mbavu avute pumzi hata kama kichwa kiko nje, na wenzake wakiruka kumwokoa wanafunikwa nao. Kama udongo ni kichanga, choo kiwe kifupi na kipana, au lipia mbao. Hakuna njia ya tatu.

Zege la juu ndilo linaloniogopesha kuliko yote, kwa sababu hapo haraka yetu inakuwa sumu. Zege linahesabiwa kufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Wewe umepata likizo ya wiki tatu Desemba, unataka ukifika ukute ghorofa limesafishwa chini, watoto wapige picha. Unampigia fundi: "Toa mirunda, nakuja tarehe ishirini." Fundi anajua ni mapema, lakini wewe ndiye mwenye hela na ana watoto wa kuwalisha. Anatoa. Likikaa, umebahatika. Lisipokaa, watakaokuwa chini ni wale wanaong'oa misumari kwenye mbao. Muulize mhandisi aliyesajiliwa siku ya kuondoa mirunda, umlipe kwa jibu hilo, na tiketi ya ndege ifuate zege.

Kuhusu kofia, buti, mikanda na kamba: nunua wewe, viwe mali ya saiti, vibaki kwa saiti inayofuata ya ndugu yako. Wengi wetu tunajaza kontena hapa Houston la magodoro, friji na televisheni. Dazeni ya kofia ngumu inakosaje nafasi kati ya magodoro? Najua nitaambiwa mafundi watauza. Baadhi watauza, kama ambavyo saruji inauzwa, na hatujaacha kutuma saruji.

Na tuache huu mtindo wa kuandikiana na fundi nyuma ya bahasha. Makubaliano yaseme nani analipa hospitali kibarua akiumia. Nyumba nyingi za familia zinajengwa na fundi na vibarua wake bila mkandarasi, na vibarua hao hawachangiwi popote kwenye Mfuko wa Fidia. Akivunjika mguu, bima yake ni harambee ya ukoo. Serikali ambayo imeweza kumtoza mama ntilie kwenye miamala ya simu haiwezi kubuni mchango mdogo unaolipwa pamoja na kibali cha ujenzi, ukawalinda vibarua wa saiti hiyo? Inaweza. Haijaulizwa kwa ukali. Na wakati tunauliza, tudai pia kila jengo linalokaguliwa libandikwe matokeo mlangoni, kwa Kiswahili, mpangaji asome kabla hajalipa kodi ya miezi sita.

Wenzetu mnaopanda mapaa ya huku, hasa mliofika karibuni: kulipwa kwa 1099 hakumfanyi bosi awe huru kukuua. Una haki ya kulalamika OSHA bila jina lako kutajwa kwa mwajiri, namba ni 1-800-321-6742, na unaweza kuomba mkalimani. Ukifukuzwa kwa sababu ya kulalamika, una siku 30 tu za kudai, usisubiri ushauri wa mjomba. Lindeni na vijana wenu: kazi ya paa haifai mtoto wa miaka 16, hata kama bosi analipa taslimu.

Vyama vyetu vya Dallas na Houston hukutana kila mwaka kwa nyama choma, risala ya mgeni kutoka ubalozini na mawakala wa viwanja wenye vipeperushi. Safari hii wakala akisimama kutuuzia kiwanja na "kifurushi cha ujenzi", aulizwe mbele ya watu: katika saiti zako mwaka huu wameumia wangapi, na nani aliwalipia hospitali? Asipojibu, tusinunue.

Nawasilisha.

Mansfield, Texas